Shamba Lililofagiwa kwa Ajili ya Wataalamu

Jumatatu, 16 Septemba

Nimerudi kutoka mjini Nachingwea na kichwa kinaniuma. Sababu ni tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa duka la madaftari. Kongamano la wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, Jumamosi hii. Mtoa mada wa kwanza ni Dkt. Dionisia, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Dar es Salaam. Wa pili ni bwana mmoja wa utafiti wa korosho. Wa tatu: mkulima wa mfano, atakayetangazwa baadaye.

Atakayetangazwa baadaye! Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama nahitaji kiti.

Mkulima wa mfano ni nani, kama si mimi? Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Nimestaafu bila doa. Nina mikorosho pale Lionja, iliyopangwa mistari kama wanafunzi wakati wa wimbo wa Taifa. (Safu ya barabarani ni ya mke wangu, Mama Jenifa, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Lakini heshima ya shamba ni yangu.)

Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Zulfa, mlezi wa klabu ya mazingira. Nilimfundisha mwenyewe pale Ruponda, enzi hizo hawezi kufunga mdomo. Akasimama, akaniamkia vizuri, akanipa kiti. Halafu akaniambia kwamba jina lililopendekezwa mpaka sasa ni la Mwalimu Seleman wa Likunja.

Seleman! Tulifundisha shule moja. Mtu aliyekuwa akisimamia mitihani huku amesinzia. Nikamwambia Zulfa kwamba kumwita Seleman mkulima wa mfano ni sawa na kumwita kobe mpiga mbio. Akacheka, akajiziba mdomo kwa mtandio, akakubali kuliongeza jina langu.

Utaratibu ni huu. Wataalamu watalipitia shamba la Seleman Ijumaa wakiwa Ruangwa. Jumamosi asubuhi, kabla ya kongamano, watafika kwangu pamoja na wanafunzi. Kisha Dkt. Dionisia atachagua mmoja wetu akae meza kuu na kuhutubia. Atakayeshindwa ataketi nyuma na wazazi.

Wazazi watapewa andazi na soda. Meza kuu ina kitambaa, maua na pilau. Si suala la pilau. Nasisitiza.

Jumanne, 17 Septemba

Nimeandika hotuba. Ina utangulizi, kiini na hitimisho. Utangulizi peke yake unaeleza mvua zilivyokuwa zamani, jinsi masika yalivyokuwa na adabu, yakija kwa wakati na kuondoka kwa wakati. Siku hizi mvua inakuja kama mgeni wa harusi: imechelewa, imelewa, na haijui imealikwa na nani.

Nikamsomea Mama Jenifa jikoni. Alikuwa akimenya ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo msimu huu hatuli kingine. Nilipofika kwenye kiini akaniuliza kama hitimisho liko mbali. Nilipofika kwenye hitimisho hakuwapo jikoni.

Baadaye alisema kwamba hotuba ni nzuri lakini wageni wanakuja kuona shamba, si kusikia masika. Akasema shamba lina majani makavu mengi.

Kwa mara ya kwanza wiki hii mtu amesema jambo la maana. Shamba lazima lisafishwe!

Jumatano, 18 Septemba

Nimekwenda Likunja kupeleleza. Nilipanda bodaboda, nikarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Lakini nimerudi nikiimba.

Shamba la Seleman ni aibu ya wilaya mbili! Majani makavu yamefunika vifundo vya miguu. Katikati ya mikorosho zimejiotea mbaazi, sijui alipanda yeye au zilijipanda. Matawi aliyopunguza kayalaza chini palepale yalipoanguka. Hakuna hata alama ya fagio. Mwenye shamba nilimkuta juu ya mkeka, redio kifuani.

Aliponiona akapiga kelele kwamba Mkaguzi Mkuu amewasili, watoto waamke. Watoto wenyewe hakuna, wako Mtwara. Nikamuuliza kwa upole mbona hajafagia chini ya mikorosho. Akasema goti linamsumbua tangu masika, na kwamba fagio likimhitaji litamfuata.

Hapo nikapata wazo. Sijui huwa yanatoka wapi, lakini huja. Nikamwambia, kama ndugu na ndugu, asihangaike hata kidogo. Nikamwambia wataalamu wa siku hizi wanapenda kuona mambo yalivyo, bila kupambwa, na kwamba akianza kufagia sasa watajua kawafagilia wao. Nikamsihi aliache shamba hivyohivyo.

Akapunguza sauti ya redio. Akasema mimi ni mtu mwema kuliko watu wanavyosema.

Maskini! Njia nzima nilikuwa nacheka, mpaka dereva wa bodaboda akaniuliza kama nimeshinda mchezo wa kubahatisha.

Alhamisi, 19 Septemba

Mgongo. Mungu wangu, mgongo.

Tumefagia tangu alfajiri. Niliwaomba majirani waje kusaidia, kama tunavyosaidiana siku zote, mwenye shamba akiwapikia. Wakaja. Mama Jenifa alipika ugali wa muhogo na kisamvu huku akisema kwa sauti ya kusikika kwamba hakuombwa ushauri, aliombwa sufuria.

Sasa ukiweka sindano chini ya mkorosho wangu utaiona ukiwa barabarani. Ardhi ni nyeupe. Hakuna jani. Hakuna kijiti. Mashina nimeyapaka chokaa mpaka kiunoni. Mama Jenifa alipoyaona akauliza kama mikorosho inakwenda kupata Komunyo ya Kwanza.

Tatizo ni marundo. Majani yamekuwa vichuguu, mengine juu kuliko mimi. Mama Jenifa akasema tuyabebe mpaka kwenye uwazi, mbali na miti, kwa sababu mikorosho ina maua na korosho changa. Nikamwonyesha mgongo wangu. Akasema basi yaachwe, yataoza. Yaachwe! Wageni wanatoka Dar es Salaam, halafu waone takataka!

Yatachomwa. Tangu utoto wangu majani ya shambani huchomwa. Baba yangu alichoma, na baba yake alichoma.

Jambo jingine la usafi: bandani kulikuwa na mfuko wa salfa ya mwaka juzi, ile dawa ya unga tunayoipuliza mikoroshoni. Ilinyeshewa, ikaganda kama jiwe. Inatia aibu. Nimeutumbukiza ndani ya rundo kubwa la barabarani. Haionekani kabisa.

Ijumaa, 20 Septemba

Siku ya mahangaiko. Nilitaka kuchoma leo jioni. Upepo ukakataa. Ulikuwa ukizunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Jirani yangu Obadia akaja mpaka uani, akaniambia, mwalimu, leo usichome. Nikamwambia sihitaji kuambiwa, nina macho.

Mchana Zulfa akapiga simu. Wameliona shamba la Seleman. Nikamuuliza wameonaje. Akasema Dkt. Dionisia alikaa pale muda mrefu, akachutama, akachimba ardhi kwa vidole, akapiga picha nyingi.

Picha! Nilimwelewa. Hata mimi ningepiga. Ukikuta ajali barabarani utapiga picha.

Nikauliza kesho watafika saa ngapi. Akasema asubuhi. Wageni wa kitaifa wakisema asubuhi huwa ni karibu na adhuhuri. Nimewapokea wakaguzi wa elimu miaka mingi, nawajua. Kwa hiyo mpango ni huu: kesho mapema, upepo ukiwa bado umelala, nachoma marundo yote. Jua likipanda, majivu nayafukia. Wageni wakifika wanakuta ardhi safi kama sakafu ya kanisa, nami nimesimama mbele na hotuba.

Suti nimeinyosha.

Jumamosi, 21 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Niliwasha marundo kulipopambazuka. Yaliwaka vizuri, kwa utii. Nilikuwa nimevaa suti tayari, kwa tahadhari, na kibuyu cha kumwagia maji mkononi. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo nikasikia injini.

Walikuja mapema! Tangu nizaliwe sijamwona mgeni wa kitaifa aliyekuja mapema. Baadaye Zulfa alinieleza kwamba Dkt. Dionisia hupima mvua alfajiri kila siku ya maisha yake, na kwake saa moja asubuhi ni mchana. Mtu angeniambia!

Basi dogo lile likatokea kwenye kona, wanafunzi wakiimba wimbo wa kutunza misitu. Na upepo nao, kana kwamba ulikuwa ukilisubiri basi, ukaamka.

Rundo la barabarani likalipuka. Moto ukapanda kwenye mkorosho wa Mama Jenifa, kisha ule wa pili. Maua yalikwenda kwa sauti ya mafuta kwenye kikaango. Halafu moto ukaifikia salfa.

Sijui nieleze vipi. Moshi ule haukuwa moshi. Ulikuwa adhabu. Ulitambaa chini, wa rangi ya samawati, ukaingia kwenye basi kupitia madirisha yote, na wimbo wa kutunza misitu ukakatika katikati ya ubeti. Wanafunzi wakashuka wakikohoa, wamejifunika nyuso kwa fulana zao mpya za kongamano. Machozi yanawatoka. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua hotuba, nikasema: "Waheshimiwa wageni, karibuni Lionja..."

Binti mmoja mwembamba, Ashura, mwenyekiti wa klabu, akanipita kama vile mimi ni mti. Akapiga kelele kwamba wenye pumu warudi nyuma upande upepo unakotoka, wengine wakate matawi mabichi. Wakakata. Matawi ya wapi? Ya mikorosho yangu! Wakaupiga moto. Dkt. Dionisia, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya heshima, alikuwa akirusha mchanga kwa mikono miwili. Mama Jenifa alikuja mbio na ndoo ya maji ya kuoshea ming'oko, akaimwaga yote kwenye shina la mkorosho wa kwanza, akarudi kuchota nyingine bila kunitazama.

Nami nilikuwa bado juu ya kinu. Nilikuwa nimefika kwenye masika yenye adabu.

Moto ulipozimika, dirisha la mwisho la basi likafunguliwa. Seleman! Wamemleta aje kujionea. Akatoa kichwa, kofia kaiweka sawa, akaniambia kwa sauti ambayo Ruponda nzima iliisikia:

"Mwalimu Bonifasi, mwenzetu unapokea wageni kwa ubani!"

Basi zima likacheka, hata waliokuwa wakikohoa. Mimi nilikuwa nimepaliwa.

Ukumbini nilikaa nyuma, na wazazi, na andazi. Mama Jenifa alikaa kiti cha mbali, kitenge chake kina masizi. Seleman akapanda meza kuu. Dkt. Dionisia akaonyesha picha ukutani: majani ya Seleman! Matawi ya Seleman! Mbaazi za Seleman! Akasema kwamba majani yakiachwa chini hufunika ardhi, huhifadhi unyevu, huoza na kuwa mbolea, na kwamba mvua zikizidi kuwa za kubahatisha, mkulima wa namna hii ndiye atakayevuna. Akasema mtu akichoma, anaunguza mbolea yake na kuupeleka moshi wake angani, ambako umeshakuwa mwingi.

Makofi. Seleman akasimama. Hakuona haya hata kidogo. Akasema huo ni uamuzi alioufikia baada ya tafakuri ndefu. Juu ya mkeka! Kisha akasema anamshukuru mtu mmoja aliyekuja Jumatano mpaka Likunja kumsihi asifagie, la sivyo angeshafagia. Akanionyesha kwa kidole.

Ukumbi mzima ukageuka. Wapo waliopiga makofi, kisha wakakumbuka moshi, wakaacha.

Ndipo Ashura akanyoosha mkono. Akasema kwa heshima, shikamoo babu kwanza, kwamba wamesikia kwa nini Mwalimu Seleman hachomi, lakini nyumbani kwao wanachoma, na kwa jirani wanachoma, na angependa kusikia kutoka kwa anayechoma. Akaomba nipande jukwaani.

Nipande jukwaani! Nikaliacha andazi kwenye kiti. Walinipa nafasi meza kuu, kati ya Dkt. Dionisia na maua. Nikakamata kipaza sauti. Hotuba ilikuwa imelowa jasho, wino umekimbia. Ashura akauliza tena, taratibu, kwa nini nilichoma.

Sikuwa na maandishi. Nikasema nilichoma kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Kwetu sisi shamba chafu ni fedheha. Jani chini ya mkorosho maana yake mwenye shamba ni mvivu, na watu husema. Kwa hiyo mtu anafagia na kuchoma ili asisemwe. Nikasema miti iliyoungua ni ya mke wangu, na babake ndiye aliyeipanda.

Hata mpishi wa pilau alisimama mlangoni.

Dkt. Dionisia akasema kwamba amezunguka mikoa mingi na hili ndilo jambo alilokuwa akilitafuta, kwa sababu hakuna chati inayoonyesha kwamba watu huchoma kwa kuogopa kusemwa. Mama Jenifa alikuwa akiangalia mikono yake.

Nikala pilau. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Jumapili, 22 Septemba

Mama Jenifa hasemi nami. Anasema na mbuzi. Akitaka nijue chakula kiko tayari, anamwambia mbuzi.

Baada ya misa alikwenda kwenye safu yake peke yake. Nilimfuata kwa mbali. Akachukua kisu kidogo, akaparuza gome la mkorosho wa kwanza. Chini yake kuna ubichi. Utapona. Akaparuza wa pili. Akaparuza juu zaidi, na juu zaidi, mpaka mkono haukufika. Kahawia tupu. Akasimama pale, kiganja kwenye shina, juu ya chokaa yangu.

Nilitaka kusema neno. Nikasema upepo wa mwaka huu haueleweki. Akamwambia mbuzi kwamba kuna watu wangefaa kunyamaza.

Alipoondoka nikayabeba majani yaliyosalia, yale ambayo hayakuungua, nikayatandaza chini ya mkorosho uliopona. Jioni Mama Jenifa aliyaona. Hakusema na mimi, lakini hakusema na mbuzi pia. Ni maendeleo.

Jumatatu, 23 Septemba

Habari kubwa! Habari njema!

Zulfa amekuja mwenyewe kwa pikipiki. Anasema maneno yangu ya Jumamosi yamewagusa walimu. Shule mbili, moja ya Ruponda na nyingine ya huko Likunja kwenyewe, zimeomba niende kuwaambia wanafunzi yaliyonipata. Mtoa mada ni mimi. Mimi peke yangu! Nikauliza kama Seleman naye kaalikwa. Akasema hapana, Mwalimu Seleman aliulizwa akasema goti linamuuma. Nikauliza kama kutakuwa na meza kuu. Akasema labda dawati lenye kitambaa. Linatosha.

Huyu mtu alilala juu ya mkeka, akapata siku moja. Mimi nimefanya kazi, na sasa nina msururu wa mialiko. Nimemtumia ujumbe wa kumpa pole ya goti. Amejibu kwamba niende na kiberiti, wasije wakanisahau.

Amesema kwa kejeli, lakini jambo hilo limenikaa kichwani mchana kutwa. Nimefundisha muda mrefu, na ninachokijua ni kwamba mwanafunzi hashiki maneno matupu. Lazima aone kwa macho. Wale wa Jumamosi walishika kwa sababu waliuona moto. Hawa wa Ruponda wataona nini? Mzee na kipaza sauti.

Bado kuna rundo moja dogo nyuma ya jiko. Dogo kabisa. Wanafunzi wa Ruponda wanaweza kuletwa hapa, wakasimama upande wa juu, wakaona kwa dakika chache jinsi mtu anavyokosea, kisha nikazima na kuanza kuhutubia. Ule mkorosho uliokauka uko karibu, lakini haudhuriki tena, umeshakauka. Salfa sitaiweka safari hii. Nimejipima.

Mama Jenifa Alhamisi anakwenda mnadani mapema, kwa hiyo siku hiyo ndiyo inafaa. Nimemuuliza Obadia kuhusu upepo. Amenitazama sana, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Mimi naona utatulia.